Ngozi ya Mdogo Wangu

Kila Ijumaa mama akishaswali adhuhuri alinipigia simu kutoka Jinja na kuniuliza swali moja: "Ile ngozi imerudi?" Salamu alikuwa amezimaliza kwa majirani, kwangu hazikubaki. Nami nilimjibu kwa mkato, kwa sababu mimi ni mtu wa hasira za karibu na hakuna kinachonichoma kama kukumbushwa ahadi. Bado, mama, utafiti haujaisha. Haya, alisema, na simu ikakatwa. Tulikwenda hivyo zaidi ya miaka miwili.

Ngozi yenyewe ilikuwa kipande kisichozidi punje ya mtama. Kilikatwa kwenye mkono wa mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, siku alizokuwa amelazwa hospitali huku Mbale, na mimi ndiye niliyekipokea kwenye maabara ninakofanya kazi. Mama alikubali kikatwe kwa sharti moja tu, kwamba kazi ikiisha nitakirudisha nyumbani. Nilimwapia.

Sisi ni Wanubi. Mababu zetu waliletwa kutoka Sudani wakiwa askari wa vita vya watu wengine, wakabaki, wakaoa, wakazeeka, na sisi tumezaliwa Jinja kama mtu yeyote wa Jinja. Kiswahili nimekinyonya. Huku Mbale lugha hiyo bado inawakumbusha watu kambi na buti, ndiyo maana wenzangu wa maabara waliniita "afande" tangu wiki ya kwanza. Nikifungua mdomo tu, wanapiga saluti. Mwanzoni nilinuna, baadaye nikawa nawaamuru mguu pande, maisha yakaendelea.

Nyumbani kwetu kila kilichotoka kwenye mwili wa mtu kiliendelea kuwa chake. Habuba, ndivyo tunavyomwita bibi, alikusanya nywele zetu siku ya kunyolewa, kucha zetu, meno yetu ya utotoni, akavifukia vyote chini ya mhina ulioota nyuma ya jiko. Alituambia kwamba siku ya kufufuliwa hatutakuwa na nafasi ya kuzunguka Jinja nzima tukitafuta vidole. Alipofariki, kazi hiyo ilimwangukia mama, naye aliishika bila mzaha. Kwa hiyo aliposikia kwamba mwanawe atakatwa ngozi Mbale, hakuuliza ya nini. Aliuliza itarudi lini.

Mdogo wangu alizaliwa na sikoseli. Seli nyekundu za damu yangu mimi ni za mviringo na laini, zinajipenyeza kwenye mishipa myembamba kuliko unywele bila taabu. Zake zikipungukiwa hewa ziligeuka ngumu, zikapinda kama mundu, zikanasana na kuziba njia, na pale zilipoziba mifupa ilimuwaka moto. Nimemwona akiuma kanga mpaka ikatoboka. Halafu maumivu yakipita anaomba chai ya tangawizi na kuanza kuwaiga manesi mmoja mmoja, mwendo na sauti, mpaka wodi nzima inashika mbavu.

Alikuwa mchoraji wa hina. Majani aliyachuma kwenye mhina ule ule wa nyuma ya jiko, na siku nilipomwambia kwamba anawapaka maharusi kucha za habuba alinirushia ndara, ikanipata. Kitu alichokitamani kuliko vyote ni safari. Hakuwa na mji maalumu moyoni, alitaka kwenda tu, kukaa dirishani na kuona kwingine. Mara moja alifunga begi kwenda harusini Mombasa. Maumivu yalimkamata asubuhi ile ile ya safari, na begi likakaa mlangoni wiki mbili kwa sababu hakumruhusu mtu alifungue. Hakuwahi kuvuka mpaka wa Malaba. Chumba changu cha kupanga mtaa wa Namakwekwe, huku Mbale, chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani, ndiko alikofika mbali kuliko kote.

Alikuja kunitembelea, wiki ya pili akalazwa. Wakati ule maabara yetu ilikuwa kwenye utafiti wa pamoja na wenzetu wa nje. Sisi tulichukua kipande kidogo cha ngozi ya mgonjwa wa sikoseli, tukakiweka kwenye chupa bapa pamoja na supu ya rangi ya pinki, ndivyo tunavyoiita, yenye sukari na chumvi na kila kinachohitajika. Baada ya siku kadhaa seli zinaanza kutambaa kutoka kwenye kile kipande. Zinagawanyika, moja inakuwa mbili, mbili nne, mpaka chupa inajaa. Kisha tunazigandisha kwenye vichupa vidogo ndani ya tangi la naitrojeni, kwenye baridi kali ambamo hazifi lakini pia hazifanyi kitu, zinangoja. Wenzetu wa nje wakizipata, wanazirudisha nyuma mpaka zisahau kwamba zilikuwa ngozi, na kuzifundisha kutengeneza damu. Hapo wanaweza kujaribu dawa juu ya damu ya mgonjwa bila kumgusa mgonjwa mwenyewe.

Nilimweleza hayo nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa kitanda chake. Nikamweleza na jingine, ambalo hata mimi lilinishangaza nilipolisoma: kwamba mtoto akiwa tumboni anatumia damu ya aina nyingine, isiyopinda hata kama ana sikoseli. Anazaliwa nayo, na baada ya miezi michache mwili wenyewe unaizima kama mtu anavyozima taa, unawasha ile ya ukubwani. Siku hizi kuna nchi ambazo madaktari wanatoa seli shina za mgonjwa, zile zinazozalisha damu, wanaikata ile swichi, wanamrudishia, na damu ya uchanga inaamka tena. Kuna watu walioishi na maumivu tangu utoto na sasa hawayaoni.

Aliegemea mto, akatazama dari. Kisha akasema, "Kumbe tumboni mwa mama nilikuwa mzima." Nikamwambia ndiyo, alikuwa mzima kabisa. "Miezi yote hiyo," akasema, "na sikumbuki hata siku moja."

Fomu ya ridhaa ililetwa na nesi. Mkono wa kulia wa mdogo wangu ulikuwa umevimba kwa sindano ya maji, kwa hiyo mimi nikashika kalamu, yeye angeweka dole gumba mwishoni. Nesi alitusomea yote, tukajibu, na tulipofika swali la mwisho akaitwa kitanda cha pili, akaniachia karatasi. Swali lilikuwa hili: utafiti ukiisha, seli zako zihifadhiwe na kutumika tena, huku au nje ya nchi? Ndiyo au hapana. Nikamsomea. Hata sikumaliza. "Waziweke," alisema. "Ziende. Angalau ngozi yangu ipande ndege."

Mimi nikatia alama kwenye hapana.

Sitafuti visingizio. Asubuhi ile mama alikuwa amenipigia simu kunikumbusha kiapo changu, ngozi ikihifadhiwa isingerudi kamwe, na nilijua mdogo wangu akishapona nitakayebanwa ni mimi. Nikajisemea kwamba ni kialama tu, na kwamba yeye mwenyewe kesho atakuwa amesahau. Akaweka dole gumba bila kutazama. Kwani dada yake angemdanganya?

Alipona, akarudi Jinja, akachora maharusi wengine. Mwaka uliofuata, msimu wa mvua, kifua kilimbana asubuhi na kabla ya adhuhuri alikuwa ameshaondoka. Nilipanda gari linalopita barabara ya Tirinyi nikiwa na koti la maabara mwilini. Nilipofika nyumbani walikuwa wameshamzika, maana kwetu maiti haingoji. Wanawake hatuendi makaburini, hilo nalijua na sina ugomvi nalo. Ila uso ningeuona. Wangenisubiri saa moja na nusu tu ningeuona uso wake, na siku ile niliwafokea wajomba zangu mbele ya waombolezaji maneno ambayo mpaka leo naona haya. Mama ndiye aliyenishika mkono na kuniingiza ndani. Baada ya arobaini akaanza tena simu za Ijumaa, swali lile lile, kwa sauti ya chini zaidi.

Basi mwaka jana utafiti ukafungwa. Mkuu wetu wa maabara, mama mmoja Mgisu wa Busiu ambaye hajawahi kupandisha sauti tangu nimjue, alinipa orodha ya vichupa vya kuteketezwa, vya wale wote waliosema hapana. Tunaandika namba, hatuandiki majina. Lakini namba yake niliijua kwa moyo. Vichupa vitatu, mstari wa nne. Orodha ilikuwa mkononi mwangu, na kazi ya kuteketeza ilikuwa yangu.

Nilikaa nayo siku mbili. Nilipita mbele ya lile tangi mara sijui ngapi. Ndani yake mlikuwa na seli za mdogo wangu zilizoweza kuamka na kula na kugawanyika, wakati yeye mwenyewe yuko chini ya udongo wa Jinja. Nilikuwa na hamu naye, jamani. Hamu ilinizidi mpaka nikalionea wivu lile tangi. Ningeweza kubadilisha alama kwenye fomu kimyakimya, kalamu ilikuwa ile ile ya buluu. Lakini nilishaandika uongo mara moja juu ya karatasi ile. Siku ya tatu nikaingia ofisini kwa mkuu na kumwaga yote.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Ulisikia ridhaa ya mtu," akasema, "ukaandika ya kwako." Angenifokea ningejitetea. Aliandika barua kwa kamati ya maadili mbele yangu, akaniondoa kwenye kazi yoyote inayohusu fomu, na nikapata onyo la maandishi nililostahili. Baada ya wiki kadhaa kamati ikajibu: mwenye ngozi hayupo, basi mama yake aelezwe kila kitu bila kufichwa, pamoja na kosa langu, na yeye ndiye aamue kama seli ziteketezwe au zihifadhiwe.

Kumweleza mama kosa langu kwa simu kulinishinda, nikaenda Jinja. Alikuwa anachambua mchele. Nikamsimulia, na nilipofika pale mdogo wangu aliposema ngozi yake ipande ndege, mkono wa mama ulisimama ndani ya ungo. Hakunigombeza, na hilo liliniuma kuliko kugombezwa. Alisema tu kwamba hawezi kuamua juu ya kitu asichokiona, na kwamba atakuja Mbale kukitazama.

Mkuu akakubali tuamshe kichupa kimoja kati ya vile vitatu, mama aje azione zikiwa hai. Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili. Kazi hii nimeifanya miaka tisa na ninawafundisha wengine: kichupa kikitoka kwenye naitrojeni kinakwenda moja kwa moja kwenye beseni la maji yenye joto la mwili, kinayeyuka upesi, usipoteze hata sekunde. Kikiyeyuka polepole barafu inajipanga upya kuwa miiba inayozitoboa seli, na dawa ya kugandishia inazilewesha mpaka zife. Najua hayo nikiwa usingizini. Asubuhi ile nilikitoa kichupa, nikavua glavu, nikakifumbata.

Baridi yake ilining'ata kiganjani, sikuachia. Sikufikiri kitu. Uso sikuuona, mkono sikuushika, kumwosha sikumwosha, na sasa alikuwa kiganjani kwangu. Nikakaa naye hivyo mpaka nilipohisi maji yakicheza ndani ya kichupa. Nilipoziweka chini ya hadubini kesho yake zilikuwa zinaelea, zimekunjamana, karibu zote zimekufa. Nililia chooni nikiwa nimefungulia bomba ili wenzangu wasisikie.

Nilimwambia mkuu ukweli, nilikuwa nimechoka kuficha. Alikitazama kiganja changu, palipokuwa pamebaki alama nyeupe. Safari hii akasimama nami kwenye beseni, tukayeyusha kichupa cha pili kama inavyotakiwa, yeye akihesabu. Kesho yake zilikuwa zimeshika kwenye chupa. Baada ya siku tano zilikuwa zimejaa.

Mama alikuja akiwa amevaa gurbaba yake ya sikukuu, lile vazi letu la kujitanda, na juu yake tukamvisha koti jeupe la maabara. Wenzangu walioniita afande walisimama wima kweli, bila mzaha, wakamwita mama na kumletea kiti. Aliweka jicho kwenye hadubini na kutazama muda mrefu. Mwishowe akasema zinafanana na mukene walioanikwa, na kweli, seli za ngozi ni ndefu na nyembamba, zinalala kwa mikondo kama vile visamaki vya ziwani kwetu juu ya mkeka. Nikamwonyesha moja iliyokuwa imejikusanya kuwa duara iking'aa, nikamwambia ngoja, hiyo inagawanyika. Akangoja. Alipoona zimekuwa mbili alishusha pumzi.

Akauliza zinakula nini, nikamwonyesha supu ya pinki. Akauliza mara ngapi, nikamwambia kila baada ya siku mbili. Akarudisha jicho kwenye hadubini. Kisha akauliza lile ambalo nadhani ndilo lililomleta kutoka Jinja.

"Zinaumwa?"

Nikamweleza jinsi nilivyoweza. Kwamba kosa la sikoseli limo ndani ya kila moja ya seli hizi, kama lilivyokuwemo kwenye mwili mzima. Lakini kosa hilo linahusu kutengeneza damu, na ngozi haitengenezi damu. Limeandikwa humo, ila ngozi haifungui ukurasa huo. Hazijui kwamba zina ugonjwa. "Haziumwi, mama," nikasema. "Hata kidogo."

Alilia akiwa ameinama pale pale, kioo cha hadubini kikalowa. Mkuu hakumwondoa. Alipomaliza, mkuu alipangusa kioo kwa karatasi laini, na mama akaomba atazame tena.

Baadaye akauliza vilikuwa vichupa vingapi. Ikabidi nimweleze na kile cha kwanza. Nilimfungulia kiganja, nikamwambia nilikishika, kwa hiyo zikafa, kosa langu, mama, tena. Nilitegemea sasa ndipo atanikasirikia. Alipitisha kidole juu ya ile alama, akasema, "Mimi nilimwosha. Wewe hukupata chochote."

Akamgeukia mkuu, akamwambia hizo zilizokufa apewe akazizike, na hizi zilizo hai ziende, maana mwenyewe alishasema ziende. Mkuu aliisoma fomu mpya polepole, neno kwa neno, na mama akatia alama kwa mkono wake. Mimi nilisimama mbali na kalamu.

Zilizokufa tulizirudisha kwenye kichupa chao, tukakipitisha kwenye mashine ya mvuke mpaka kisiwe na hatari kwa mtu, mkuu akatia saini, nikakibeba kwenda Jinja ndani ya kitambaa cheupe. Nyuma ya jiko mama alichimba kwa kisu cha jikoni, chini ya mhina, karibu na nywele za mdogo wangu za utotoni na kucha za habuba. Alifukia, akapapasa udongo kwa kiganja, akavunja kitawi kikavu. Kisha akaniambia nichume majani, kuna bibi harusi jirani na hakuna tena mtu wa kumchora, labda mimi nijaribu. Nilimchora vibaya sana, maua yote yalitoka kama seli.

Seli zile zilizo hai tulizigandisha tena kwenye vichupa vipya, navyo pamoja na kile cha tatu viliondoka Mbale asubuhi moja ya Jumanne, ndani ya mtungi wa naitrojeni, kuelekea uwanja wa ndege wa Entebbe na huko mbele. Mimi ndiye niliyevipakia, kwa glavu. Kwenye karatasi za safari palikuwa na mahali pa kuandika kilichomo, nikaandika seli za ngozi ya binadamu, hai. Gari lilipotoka getini nilibaki nimesimama mpaka mlinzi akaniuliza kama nimesahau kitu. Mle ndani ya tangi, mstari wa nne sasa una nafasi tatu wazi. Sijaweka kitu pale. Nikiulizwa nasema nazipangia jambo, na ukinikuta siku mbaya nitakufokea kwa kuuliza.

Walioko huko waliandika mara moja tu, kwamba mzigo umefika salama. Tangu hapo sina habari. Hawawajibiki kunipa, na kwao ni namba. Huenda sasa zimeshasahau kwamba zilikuwa ngozi ya mkono wake. Huenda wamefika pale wanapozifundisha damu, ile ya tumboni isiyopinda, ile ambayo hakuikumbuka. Nafikiri hayo nikienda kazini, nikirudi Namakwekwe, nikitazama ukuta wa jirani kupitia dirishani.

Mama bado anapiga simu kila Ijumaa akishaswali. Salamu bado hana. Lakini swali amebadilisha.

"Amekula leo?"

"Amekula, mama," namjibu, na siku hizi sina haraka ya kukata simu.